Walinzi Wawili wa Usiku: Marubani wa Calcutta na Haki ya Kutajwa

Katika toleo hili la maadhimisho ya hekalu letu, tumeona inafaa kutenga kurasa chache kwa ajili ya historia inayowagusa waumini wetu na majirani zetu kwa pamoja. Ni habari ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hasa ya usiku michache ya Januari 1943 juu ya jiji la Calcutta, ambalo leo huitwa Kolkata. Familia nyingi za hekalu letu zina asili yao Bara Hindi. Familia nyingi za jirani zetu zina babu aliyevaa sare za King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita makeya, akapelekwa kupigana Burma. Vita hivyo viliwagusa wote, na kumbukumbu zake bado zimo katika masanduku ya nyumba zetu.

Tunaieleza habari hii kwa sababu moja. Ushindi wa usiku ule ulikuwa kazi ya watu wawili wawili, lakini dunia ilizoea kumtaja mmoja. Kisa hiki kinatufundisha jinsi jina la mtu linavyohifadhiwa, jinsi linavyopotea, na wajibu walio nao walio hai.

Jiji lililozima taa

Mwaka 1942 ulikuwa mwaka wa msiba kwa nchi zote za mashariki ya India. Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani mwezi wa Februari, na Rangoon mwezi wa Machi. Malaki ya Wahindi waliokuwa wakiishi Burma walirudi kwao kwa miguu kupitia misitu na milima, na wengi walifia njiani. Calcutta, iliyokuwa imezoea kujiona mbali na mapigano, sasa ilikuwa karibu na mstari wa mbele. Bandari yake ndiyo iliyopokea shehena za majeshi, na reli zake ndizo zilizozipeleka hadi Assam na mpaka wa Burma.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1942 mabomu ya kwanza yaliangushwa juu ya jiji. Ndege za Wajapani hazikuwa nyingi, na ukilinganisha na mashambulizi yaliyoipiga London au miji ya Ujerumani, uharibifu ulikuwa mdogo. Hofu ndiyo iliyokuwa kubwa. Watu kwa maelfu walimiminika kwenye vituo vya reli na barabara kuu. Makuli wa bandarini, wafagiaji, wapishi na wachuuzi walirudi vijijini, na jiji likaanza kukosa mikono ya kulifanyia kazi. Ndege za kivita zilizokuwapo zilifaa kwa mchana. Gizani rubani hakuona kitu, naye aliyekuwa juu akitafuta adui alikuwa kama mtu anayetafuta sindano baharini.

Ili kuziba pengo hilo, ndege chache aina ya Beaufighter zilitolewa katika Kikosi cha 89 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilichokuwa Misri, zikaletwa kwenye uwanja wa Dum Dum, nje kidogo ya Calcutta. Tarehe 14 Januari 1943 zikawa kikosi kipya, Kikosi cha 176. Wito wa kikosi hicho, ulioandikwa kwa Kilatini, ulimaanisha kwamba wao ndio wenye zamu ya kulinda usiku.

Kazi ya wawili

Beaufighter ilikuwa ndege nzito ya injini mbili. Ilibeba mizinga minne chini ya pua na bunduki za rasharasha katika mabawa. Ndani yake waliingia watu wawili tu. Rubani aliketi mbele. Mwenzake aliketi peke yake katikati ya mwili wa ndege, chini ya kikuba cha kioo, na kazi yake ilikuwa kutazama rada.

Inafaa kueleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, kwa maana bila ya kuielewa hatuwezi kuwatendea haki waliokuwamo. Kwanza, kituo cha rada kilichokuwa ardhini kiliona ndege za adui zikija, kikamwelekeza rubani kwa redio hadi akawa umbali wa maili chache kutoka kwao. Kuanzia hapo kituo hakikuweza tena kusaidia sana, na kazi ikawa ya mtazama rada. Mbele yake zilikuwapo alama hafifu za mwanga zinazochezacheza. Kutokana na alama hizo alipaswa kujua kama adui yuko kushoto au kulia, juu au chini, mbali au karibu. Akamwambia rubani maneno mafupi: pinda kidogo kushoto, panda, punguza mwendo. Akikosea mwendo, ndege yao ingempita adui na kumpoteza, au hata kumgonga. Rada za awali zilikuwa na upungufu mwingine: mwangwi kutoka ardhini ulificha kila kitu kilichokuwa mbali kuliko kimo cha ndege yenyewe, na adui akiwa karibu mno alama yake ilitoweka. Hatua za mwisho zilibaki kwa macho ya rubani, aliyetafuta kivuli cheusi mbele ya nyota au cheche za moto wa injini.

Basi anayefyatua risasi ni mmoja, lakini anayemfikisha mahali pa kufyatua ni mwingine, ambaye hata silaha mkononi hana.

Wasomaji wetu Wahindu watakumbuka mara moja uwanja wa Kurukshetra. Katika Mahabharata, Arjuna ndiye mwenye upinde, na sifa za mishale yake zimeimbwa kwa karne nyingi. Lakini gari lake la vita liliendeshwa na Krishna, aliyekubali kuwamo vitani kwa sharti la kutoshika silaha. Aliyeyashika matandiko ya farasi ndiye aliyeona njia. Hatusemi kwamba askari wa 1943 walikuwa miungu; tunasema tu kwamba mapokeo yetu yanatufundisha kumtazama anayeongoza gari kama tunavyomtazama anayetupa mshale.

Usiku wa Januari

Usiku wa tarehe 15 Januari 1943, siku moja tu baada ya kikosi kuundwa, ndege tatu za Wajapani za kuangusha mabomu zilikuja Calcutta. Sajini Arthur Maurice Owers Pring alipaa kutoka Dum Dum, na mtazama rada wake akiwa Afisa Mteule C. T. Phillips. Kwa muda mfupi sana, wawili hao waliziangusha ndege zote tatu, moja baada ya nyingine.

Siku nne baadaye, usiku wa tarehe 19, ilikuwa zamu ya Charles Crombie, rubani kutoka Australia, na mtazama rada wake R. C. Moss. Katika mapambano hayo injini yao moja ilipigwa ikawaka moto. Crombie hakugeuka. Aliendelea kuwafuata adui huku moto ukiwaka ubavuni, akaangusha ndege zaidi ya moja kabla ya wote wawili kulazimika kuruka kwa parachuti. Wote waliokoka, na Crombie akatunukiwa nishani ya DSO. Pring alitunukiwa DFM, nishani ya ushujaa wa angani iliyotolewa kwa wasio maafisa.

Baada ya hasara hizo Wajapani waliacha kwa muda mrefu kuishambulia Calcutta usiku. Watu walianza kurudi makwao. Magazeti yalishangilia, na jina la Pring likawa maarufu jijini. Jina la Phillips halikusikika kama la mwenziwe.

Kulikuwa na sababu. Rada ya ndani ya ndege ilikuwa siri ya vita. Huko Uingereza, rubani John Cunningham alikuwa tayari ameangusha ndege nyingi usiku akiongozwa na mtazama rada wake, Jimmy Rawnsley. Ili adui asijue kuna chombo gani ndani ya ndege, umma uliambiwa kwamba rubani huyo ana macho ya ajabu yanayoona gizani kama ya paka, na watu wakahimizwa kuamini kwamba karoti huongeza nguvu ya kuona usiku. Ilipokuwa lazima kukificha chombo, ikawa lazima pia kumficha anayekitumia. Sifa zote zikahamia kwenye macho ya rubani. Rawnsley alibahatika kuishi na kueleza habari yake mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1957. Wengi wa wenzake hawakupata nafasi hiyo. Siri ilipofunuliwa baada ya vita, mazoea ya kumtaja mmoja yalikuwa yamekwisha kukita mizizi.

Vitabu na madaftari

Anayetaka kufuatilia rekodi ya mapambano ya wanaanga kama hawa ana njia kadhaa za kupita, na kila moja ina ukweli wake na upungufu wake.

Kitabu cha kumbukumbu za kikosi kiliandikwa siku kwa siku na maafisa wa kikosi chenyewe. Vitabu hivyo, pamoja na taarifa za mapambano zilizoandikwa baada ya ndege kutua, vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London. Hapo ndipo penye haki kuliko magazetini, kwa maana karani wa kikosi aliyeandika kwamba ndege fulani ilipaa saa fulani, aliandika majina ya wote waliokuwamo. Katika mstari huo mmoja rubani na mtazama rada wako pamoja.

Njia ya pili ni gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ambamo nishani zilitangazwa. Njia ya tatu ni daftari la safari za ndege ambalo kila mwanaanga aliliandika kwa mkono wake. Mara nyingi daftari hilo lilirudishwa kwa wazazi au mjane pamoja na vitu vya marehemu, likaishia katika sanduku juu ya kabati. Mjukuu anayelifungua hukuta tarehe, saa za kuruka, jina la mwenziwe, na neno moja au mawili.

Njia ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kumbukumbu za upande wa pili. Gizani, katika mwendo mkali na moshi, hata shahidi mwaminifu hukosea hesabu. Mfano unaojulikana sana ni wa tarehe 15 Septemba 1940 katika vita vya angani juu ya Uingereza: siku hiyo ilitangazwa kwamba ndege 185 za Wajerumani zimeangushwa, lakini rekodi za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, idadi halisi ilionekana kuwa takriban 60. Hakukuwa na uongo. Marubani kadhaa waliiona ndege moja ikianguka, na kila mmoja akaihesabu kuwa yake. Kwa hiyo mtafiti mwenye heshima haongezi sifa za marehemu ili kuwafurahisha wajukuu. Huweka karatasi za pande mbili juu ya meza moja, na kinachobaki ndicho anachokiandika. Shujaa wa kweli hapungukiwi na hesabu ya kweli.

Nishani zenyewe nazo zina somo. Medali za kushiriki vita, kama ile Nyota ya Burma, Uingereza iliwatumia askari wake bila jina lolote. Ziliwafikia kwa posta katika kiboksi kidogo cha karatasi. Ikitoka mikononi mwa familia, hakuna awezaye kujua ilikuwa ya nani. Lakini nishani ya DFM ilichorwa jina, cheo na namba ya mwenyewe kwenye ukingo wake. Chuma kimoja kinasema, kingine kiko kimya. Medali isiyo na jina huhitaji mtu wa kuisemea.

Bei iliyolipwa na wengine

Hatuwezi kusimulia ushujaa wa Dum Dum tukanyamaza juu ya yaliyokuwa yakitokea chini yake. Mwaka huohuo wa 1943, Bengal ilipatwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Mchele wa Burma ulikuwa hauji tena. Kimbunga cha Oktoba 1942 kiliharibu mashamba. Bei zilipanda kupita uwezo wa maskini. Na serikali ya kikoloni, kwa kuhofia Wajapani wangezitumia, ilikuwa imekamata mashua na akiba za mpunga katika sehemu za pwani. Serikali ile iliyoweza kuleta ndege kutoka Misri ili kulinda bandari haikuleta chakula cha kutosha kwa waliokuwa wakifa kandokando ya barabara za jiji lile. Wanaanga vijana hawakuamua hayo, wala hatuwalaumu. Lakini historia inayotaja ndege tatu zilizoanguka na kusahau mamilioni walioanguka kwa njaa ni historia yenye jicho moja.

Tarehe 5 Desemba 1943 Wajapani walirudi, safari hii mchana, wakaipiga bandari ya Kidderpore. Watu kwa mamia waliuawa, wengi wao wakiwa vibarua wa gatini. Pring alipaa siku hiyo katika ndege aina ya Hurricane, yenye kiti kimoja. Hakuwa na mwenzake nyuma yake. Aliuawa katika mapambano hayo, akiwa bado kijana. Crombie naye alivivuka vita, lakini mwezi wa Agosti 1945, vita vikiwa vimekwisha tu, alikufa katika ajali ya ndege kwao Australia.

Jina la Pring limeandikwa. Majina ya vibarua wengi waliokufa gatini siku ile ile hayakuandikwa mahali watoto wao wangeweza kuyasoma.

Na hapa kwetu habari ni hiyohiyo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu takriban 1,300 walikufa. Sehemu kubwa yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani, walifika Burma mwaka huohuo, wakapita katika bonde la Kabaw wakati wa masika na malaria, hadi wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Waliozama na meli ile wametajwa katika mnara wa kumbukumbu ulioko Nairobi. Lakini ni familia ngapi za mitaa yetu zinajua kwamba jina la babu lipo pale?

Maji kwa wasio na jamaa

Wahindu wana wajibu unaohusiana na jambo hili moja kwa moja. Kila mwaka, katika nusu ya mwezi iitwayo Pitru Paksha, tunawatolea maji na chakula wazee wetu waliotangulia. Ibada ya shraddha hufanywa kwa tarehe ya kufariki kulingana na kalenda ya mwezi. Kwa hiyo kujua mtu alikufa siku gani ni sehemu ya kumtimizia haki yake. Karani aliyeandika tarehe katika kitabu cha kikosi, bila kujua, aliwafanyia kazi warithi. Na kwa wale ambao siku yao haijulikani, imewekwa siku ya mwisho, amavasya ya wazee wote, ambayo huko Bengal huitwa Mahalaya. Katika tarpan ya siku hizo maji humiminwa pia kwa ajili ya waliokufa bila mtoto wala jamaa wa kuwakumbuka.

Mahabharata haiishii kwenye ushindi. Baada ya vita Yudhishthira anaamuru mazishi ya wote waliouawa, wa pande zote mbili, pamoja na wale wasio na ndugu. Na ni kando ya mto, maji yakiwa mkononi, ndipo Kunti anapowafunulia wanawe kwamba Karna, adui waliyemuua, alikuwa kaka yao mkubwa. Ukweli uliofichwa kwa miaka mingi ulitoka kwa sababu ulifika wakati wa kumtaja marehemu. Tunadhani huo ndio utafiti wa historia katika maana yake ya ndani kabisa: kumtaja kila mtu mahali pake, hata ikiwa jina hilo linatugharimu.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa maadhimisho, tunawaomba ndugu waumini na majirani wafungue masanduku. Mwenye picha, aandike nyuma yake majina ya wote waliomo, siyo ya mzee wetu peke yake. Mwenye medali isiyo na jina, aifungie pamoja na karatasi yenye jina. Mwenye bibi aliye hai, amuulize babu alikwenda wapi, lini, na alikuwa na nani. Namba ya askari, jina la kikosi na tarehe moja ya uhakika vyatosha kumfikisha mtafiti mbali. Na pale hadithi ya familia inapotofautiana na kitabu, vyote viwili viandikwe, bila kufuta kimoja ili kupamba kingine.

Hekalu lenyewe lilijengwa hivyo. Mawe ya msingi huwa na majina ya waliotoa mali, na ni haki yao. Lakini kuna mafundi waliopanga matofali, akina mama waliopika kwa ajili ya mafundi, na majirani waliobeba maji. Wao ndio walioketi nyuma ya rubani. Tukiwakumbuka nao katika sherehe hizi, tutakuwa tumeisoma vyema habari ya Pring na Phillips.